Nchi Isiyotoa Povu

Kaeni mkao wa kula, ingawa nawaambia mapema kwamba chakula chenyewe hakijaiva. Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yoyote. Mkikutana na mtu anayesema anaijua, mwambieni amekosea, kwa sababu sheria za nchi hiyo zinakataza kuijua bila kibali. Mimi nilizaliwa humo. Jina langu Chiku, elimu yangu darasa la saba, na kazi yangu ilikuwa kuchagua mawe kwenye maharage ya mama yangu. Kwa hiyo haya ni maneno ya mtu asiyejua mambo. Wanaojua mambo watanisahihisha, ndiyo kazi yao.

Mama aliuza maharage kwenye kibanda kando ya gereji, mtaa wa Mabomba Mapya. Mtaa ulipewa jina hilo kwa heshima ya mabomba yaliyoahidiwa. Watu walimwita Mama Tunu, kwa jina la dada yangu mkubwa, na sidhani kama kulikuwa na mtu mtaani aliyejua kwamba kabla ya hapo aliwahi kuwa na jina lingine. Maharage hayo ndiyo yaliyomsomesha Tunu mpaka ng'ambo, akarudi na shahada ya maneno. Zamu yangu ilipofika yaliishia darasa la saba. Sikununa. Sufuria ina kina chake, na Mama alikuwa akisema tumwache Tunu apande kwanza, akishika tawi atatuvuta.

Tatizo letu lilikuwa maji. Maji ya bomba ya jiji letu ukiyatazama ni maji, ukiyanywa ni maji yenye harufu kidogo ya chaki, lakini ukiyapeleka kazini yanagoma. Sabuni ya mche unaisugua mpaka inakwisha mkononi, na kinachotoka ni utando wa kijivu kama maziwa yaliyokatika. Kanga zikikauka zilisimama zenyewe kwenye kamba kama watu wanaosubiri kuhojiwa. Birika letu liliota gamba jeupe kwa ndani, gamba juu ya gamba, mpaka likawa birika kubwa la kupikia chai ndogo. Ukichana nywele zilivunjika kama njiti.

Na maharage hayakuiva. Hilo ndilo lililotugusa sisi. Mama aliyainjika alfajiri, na wateja walipofika yalikuwa bado yanagonga sufuria kama kokoto. Makanika Faraji, fundi wa pale gereji ambaye alikuwa mteja wetu tangu mimi natambaa, alivunja jino siku moja. Alilitazama kwenye sahani, akamwuliza Mama kwa upole kama siku hizi tunaweka na nyama.

* * *

Serikali ikasikia kilio, ikaleta mtaalamu kutoka nje. Alipima maji kwa mashine, akaandika taarifa kwa lugha yake, akaondoka. Taarifa ikapelekwa kwa mtafsiri wa Ikulu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana mtafsiri hakukosea hata neno. Aliandika: "Maji ya jiji lenu ni magumu."

Mtukufu Mkuu alipoisoma sentensi hiyo alivua miwani, akalia. Tulimsikia redioni, sauti bado ina machozi. Alisema miaka yote wageni wametuita watu legelege. Sasa mgeni mwenyewe, kwa mashine yake mwenyewe, amekiri kwamba hata maji yetu ni magumu. Nchi nyingine, alisema, zina jeshi gumu. Je, kuna nchi gani nyingine inayoanzia kwenye maji?

Kesho yake ikawa sikukuu. Wizara ya Maji ikaitwa Wizara ya Maji na Ugumu. Mabango yakapandishwa barabarani, picha ya bomba limekunja ngumi. Sijui bomba linakunjaje ngumi, lakini mchoraji alikuwa na nia njema.

Baada ya hapo neno "laini" likawa tusi la kisiasa. Walimu walilifuta vitabuni. Hata laini za simu zilibadilishwa jina, ukawa unakwenda dukani unasema, "Ndugu, naomba unisajilie ngumu." Magadi, ambayo mama zetu waliyatia kwenye maharage tangu enzi za bibi zao, yakapigwa marufuku kwa kuwa ni kilainishi. Na maji ya mvua yakatangazwa kuwa haramu, kwa sababu yanaingia nchini kutoka juu, bila kupita mpakani wala Wizarani, na hakuna anayejua huko juu yalikuwa yanaongea na nani.

Watu wakalalamika. Mnajua kwa lugha yetu mtu akilalamika sana tunasema anatoa povu. Basi Waziri wa Maji na Ugumu akasimama bungeni akasema maneno ambayo mpaka leo watoto wanayakariri shuleni: "Katika nchi ambayo sabuni yenyewe haitoi povu, mwananchi atalitoa wapi?"

Wabunge walipiga meza mpaka glasi zikaanguka. Siku hiyohiyo ikapita Sheria ya Povu. Kwa kuwa iliandikwa kwa haraka, haikusema ni povu lipi, la mdomoni au la mkononi, kwa hiyo yote mawili yakawa kosa. Kila kata ikapewa Afisa Povu. Huyo alipita nyumba kwa nyumba na kipande cha sabuni, anaomba maji unayotumia, ananawa mbele yako. Mikono ikibaki na utando, wewe ni raia mwema. Likitoka povu, umeficha maji ya mvua, na una neno moyoni.

Ile sentensi ya Waziri aliiandika dada yangu Tunu. Alikuwa amepata kazi Wizarani, Mkurugenzi Msaidizi wa Maneno. Siku ile Mama aliongeza sauti ya redio mpaka gereji nzima ikanyamaza. Akawaambia sauti ni ya Waziri lakini maneno ni ya mwanangu, huyu tangu mdogo alijua kujibu. Alikuwa anasugua sufuria huku anasema hivyo, na utando umemjaa mpaka kwenye viwiko.

* * *

Mama hakuwa mwanasiasa. Alikuwa na maharage yasiyoiva na wateja wanaohamia kwenye mihogo. Mvua za kwanza ziliponyesha alinituma niburute pipa hadi uani, nyuma ya jiko, chini ya pembe ya bati ambapo maji hudondoka. Pipa likajaa. Tukalifunika kwa mikeka chakavu, na juu ya mikeka tukaweka kuku aliyeatamia, maana hakuna afisa anayependa kudonolewa.

Siku ya kwanza tuliyopikia maji yale maharage yaliiva mpaka yakapasuka, mchuzi ukawa mzito, harufu ikavuka barabara. Wateja walirudi mmoja mmoja. Hakuna aliyeuliza kitu. Walikula wamefumba macho, na wakimaliza walisifu kwa lugha ya serikali. Makanika Faraji, anayetafunia upande mmoja, alipangusa sahani kwa kidole akasema, "Mama Tunu, leo magumu kwelikweli." Mama akamjibu kwamba anajitahidi.

Mvua zilituzoea. Kibanda kikachangamka, Mama akaanza kuimba tena wakati wa kupepea mkaa.

Jumapili moja Tunu akaja kututembelea na gari la Wizara. Alikuwa amependeza, nywele zake zimelala kama za mtu wa kwenye kalenda. Nikamletea maji ya kunawa, kama inavyompasa mdogo kumnawisha mkubwa, nikamkalisha mkekani. Alikula tonge la kwanza, akasimamisha taya.

"Mama, haya yameivaje?"

Mama alicheka, akachungulia nje, akasogea karibu. "Nikufiche wewe?" akasema. Akamweleza yote, pipa, mikeka, mpaka kuku. Alimweleza kwa fahari, kama mtoto anayemwonyesha mzazi alama za mtihani. Tunu naye akacheka, akala akaongeza, akalamba vidole. Alipokuwa anaondoka aliomba tumfungie kidogo. Mama akamjazia bakuli letu la bluu lenye kifuniko, lile la wageni, akalifunga na kitambaa.

Hao ndio watu waliojua: Mama, mimi, na Tunu. Kuku simhesabu.

* * *

Wiki haikwisha, Afisa Povu wa kata yetu akafika na vijana wake. Aliitwa Bwana Shekidele, mtu mwenye bidii sana. Kwa kawaida akiingia nyumbani kwa mtu alianza kupekua uvunguni, akapekua kapu la nguo, akanusa mito, akatikisa viatu. Siku hiyo alipita ukumbini bila kugeuza shingo. Akaenda moja kwa moja uani, akamwinua kuku kwa mabawa yote mawili kama mtu aliyeelekezwa namna ya kumshika, akafunua mikeka kama mtu anayefunua chakula alichowekewa na mkewe.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakumtazama Shekidele. Alilitazama pipa, kisha akaitazama barabara, ile njia ambayo gari la Wizara lilikuja nayo.

"Mwanangu," akamwambia Shekidele, "huyo kuku mrudishe taratibu, mayai yake yanakaribia."

Pipa likachukuliwa kama ushahidi, likapelekwa kutunzwa nyumbani kwa Shekidele kwa kuwa ofisi ya kata haikuwa na ua. Kibanda kikafungwa kamba. Mama akaambiwa afike mbele ya Baraza la Povu, na Shekidele, ambaye alikuwa amekula maharage yale mara nyingi, akamsomea kwa masikitiko yatakayompata akipatikana na hatia: atakatazwa kuinjika sufuria ya maharage maisha yake yote.

Mama alikaa chini. Kuinjika maharage ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho, mikono yake haikujua kazi nyingine. Baadaye akanyoosha kanga yake, akaniambia niende kwa dada yangu. "Si nilisema akishika tawi atatuvuta? Kalichukue na bakuli langu."

* * *

Tunu alikaa Kilima cha Watumishi. Ni mahali pazuri, maua yake hayana vumbi. Nilikuwa nimetembea juani, nikaomba ninawe kwanza. Kwenye sinki palikuwa na sabuni nyeupe. Nikaigusa tu.

Likatoka povu.

Nilikuwa sijaliona kwa muda mrefu hata nikadhani nimeiharibu sabuni ya watu. Lilipanda vidoleni, likafika kwenye kifundo cha mkono, jeupe, jepesi, linanong'ona. Nikasimama pale kama mwizi. Tunu akaja, akaona, akafunga mlango wa jikoni.

"Hilo si povu," akasema. "Huku kwetu tunaliita mwitikio."

Akanifafanulia kwa subira, maana mimi si msomi. Kilimani kuna bomba lake maalumu linalotoka kwenye mtambo. Viongozi wamekubali kujitolea, wanatumia maji yale mengine, yale ambayo hayatajwi, ili maji magumu yote yabaki kwa wananchi. Ni mzigo, alisema. Kuna Mkurugenzi mmoja analia kila akioga. Nikampa pole.

Kisha nikamwuliza nani aliyemwambia Shekidele habari ya pipa. Sikutegemea jibu. Nilidhani atasema majirani, nami ningefurahi kuamini.

"Mimi," akasema Tunu. "Usinitazame hivyo, mdogo wangu. Lingejulikana tu. Heri asemwe na mwanawe kuliko asemwe na mtu baki. Ningenyamaza wangesema nimeficha, wangenifukuza, sasa nani angemtetea?"

Nikalichambua neno hilo kama ninavyochambua maharage. Niliona jiwe, lakini lilikuwa na rangi ileile ya maharage.

"Kwa hiyo utamtetea?"

"Siku ya Baraza nitakuwepo. Majagi ya kipimo nayashika mimi mwenyewe. Mwambie Mama asiwe na wasiwasi." Akanikumbatia. Alinukia mwitikio.

Akanipa lile bakuli la bluu. Lilikuwa limeoshwa, linang'aa kuliko siku liliponunuliwa, na ndani hamna kitu. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Kama huna chakula unatia ndimu, kama huna ndimu unatia chumvi kidogo, hata jani. Ni desturi ambayo haifundishwi, mtoto anaikuta. Nikafikiri labda ng'ambo hawana ndimu, mtu akikaa sana anasahau.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Sikumficha lile neno la Tunu, nililisema kama nilivyolipewa. Akafunua kifuniko, akatazama ndani, akakirudisha.

"Amelisafisha vizuri," akasema.

* * *

Baraza lilifanyika uwanja wa kata, turubai la viongozi upande mmoja na jua la wananchi upande mwingine. Waziri mwenyewe alikuja. Alifungua kwa hotuba ya kumshukuru Mtukufu Mkuu kwa ugumu wake, akasema yeye binafsi asubuhi hiyo amenawa kwa maji ya bomba na amejisikia mwananchi. Mikono yake ilikuwa inang'aa mpaka inzi walikuwa wanateleza.

Hapa inabidi niwaeleze mambo mawili ambayo serikali haikuyajua, kwa sababu serikali haikai uani.

La kwanza ni pipa letu. Kwa muda wote lilipokuwa limetunzwa kwa Shekidele kama ushahidi, kanga za mke wa Shekidele zilianza kung'aa kwenye kamba, na watoto wake wakaenda shule na mashati meupe hata mwalimu akawasimamisha mbele wenzao wawatazame. Maji ya pipa yakapungua. Shekidele, mtu wa utaratibu, alikuwa analijazia kutoka bombani ili ushahidi usipungue. Mpaka siku ya Baraza pipa lilikuwa limejaa vizuri sana, bomba tupu.

La pili ni jagi la taifa. Sheria ilitaka kipimo cha haki: jagi moja la maji ya mshtakiwa, lingine la maji ya serikali, raia wote waone tofauti. Dereva wa Tunu alitumwa alijaze lile la serikali kwenye bomba la mtaani. Alikuta foleni ya ndoo, na yeye ana suti. Akarudi akalijaza jikoni kwa bosi wake, maana maji ni maji.

Tunu akasimama mezani. Majagi yalikuwa mawili sawasawa, ya plastiki, meupe. Akashika kipaza sauti, akatangaza kwa ile sauti iliyotugharimu magunia mengi ya maharage: "Jagi la kulia ni la mshtakiwa. La kushoto ni la taifa." Akagonga kila moja kwa kalamu. Uwanja mzima ulisikia.

Hakimu akaamuru mimi nimnawishe Mama, kwa kuwa mimi ndiye mdogo katika familia, na Baraza linaheshimu mila. Nikainua jagi la kulia. Mama akasugua sabuni. Akasugua, akasugua. Utando wa kijivu, mchovu, ukamng'ang'ania vidoleni. Nikasikia Makanika Faraji nyuma yangu anashusha pumzi. Mama akaniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu kamba ifungwe kwenye kibanda niliona jino lake. Alikuwa anajua kwamba atapika tena.

Hakimu akasema sasa la taifa, kwa kukamilisha. Nikainua jagi la kushoto, nikamimina.

Povu lilipanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Lilimjaa Mama viganjani, likamwagika mezani, likafuata kalamu ya Tunu, likadondoka kwenye kiatu cha Waziri. Mtoto mmoja ambaye alikuwa hajawahi kuliona akauliza kwa sauti kile ni kitu gani. Mamake akamziba mdomo. Lile povu likasikika uwanja mzima likipasuka kidogokidogo.

Waziri akamtazama Tunu. Hakukunja uso. Alimtazama kama mtu anavyotazama kiti, kuona kama kinafaa kubaki mezani.

Dada yangu akachukua kipaza sauti. Nikasema moyoni, sasa atasema, ndiyo saa ya tawi.

"Ndugu wananchi," akasema, "kuna kutoelewana kidogo kwa pande. Niliposema kulia, nilimaanisha kulia kwenu, ninyi mnaonitazama. Jagi lililotoa povu ndilo la mshtakiwa."

Watu wakatazama mikono yao. Wengine walijigeuza, wakajigeuza tena, wanatafuta kulia kwao. Hakimu naye alijigeuza. Mimi nilikuwa bado nimeshika jagi, na nilijua nilichomimina, na Tunu alijua kwamba ninajua. Nikafungua mdomo.

Mama akaniwekea kiganja kwenye mkono, kikiwa na povu lake lote.

"Mama," akauliza Hakimu, "unasikia anavyosema afisa huyu. Unamfahamu?"

"Ndiye ninayeitwa kwa jina lake," akasema Mama.

"Amekosea au hajakosea?"

Tunu alikuwa anatazama kalamu yake. Mama alimngoja ainue macho. Alimngoja kama anavyongoja sufuria, bila haraka, mpaka ikawa wazi kwamba macho yale hayatainuka.

"Hajakosea," akasema Mama. "Povu ni langu. Andikeni. Kulia ni kwangu."

Hakimu akaandika kwamba mshtakiwa amekiri upande. Wanawake waliokuwa nyuma yangu walilisikia vingine neno hilo, wakashika vinywa.

* * *

Kwa kuwa alikiri, adhabu ilikuwa ya huruma. Mama alikatazwa kuinjika maharage maisha yake yote, ila aliruhusiwa kuyala akiyakuta. Kibanda chetu kilipakwa rangi ya serikali, kikawa ofisi ya Afisa Povu, na Bwana Shekidele akawa anakalia benchi lilelile alilokuwa akilia maharage. Alisema harufu haijaisha ukutani na mchana inamsumbua. Tunu alipandishwa cheo kwa uwezo wake wa kueleza pande, akawa Mkurugenzi kamili wa Maneno.

Mtaani, kwa huruma tu, watu walianza kumwita mama yangu Mama Chiku. Walidhani wanamfariji. Akiitwa hivyo haitiki. Mtu akirudia anasema, "Mnamtafuta nani?"

Asubuhi bado aliamka wakati uleule. Alikaa mlangoni na ungo, anachagua mawe kwenye maharage ambayo hatapika, anayarudisha guniani, kesho anayachagua tena. Maharage yale yalikuwa safi kuliko ya Ikulu.

Siku moja gari la Wizara likasimama nje. Si Tunu, ni dereva wake, yule wa suti, na dumu kubwa la njano limejaa maji. Akalitua mlangoni kwa adabu, akamsalimu Mama shikamoo. Akasema bosi anawasalimu, kazi zimembana, ila ametuma maji kidogo ya kwake ili Chiku ampikie Mama maharage, maana sheria haimtaji Chiku. Akasema bosi ameagiza tulifiche.

Mama akaniambia nilete beseni. Nikadhani la kuosha maharage. Akanyoosha mikono, ile mikono iliyopasukapasuka kama udongo wa kiangazi, nikamnawisha. Nilimimina kidogo tu, na sabuni yetu ya mche, ile mbovu, ikaitika. Povu likajaa, likaingia kwenye kila ufa wa ngozi. Aliitazama mikono yake mpaka vipovu vyote vilipasuka, cha mwisho kikiwa kwenye pete ya kidole ambayo Tunu alimletea kutoka ng'ambo.

"Povu lake nimeshalichukua," akasema. "Maji yake ya nini tena? Mwaga."

Nikamwambia Mama, haya ndiyo yanayoivisha. Hakurudia. Nikaliburuta dumu hadi mtaroni, nikaliinamisha, na maji yakaondoka bila kelele, maana maji yale hata kumwagika yanamwagika kwa upole. Dereva alikuwa anatazama pembeni kama mtu aliyelelewa vizuri.

Nikamrudishia dumu. Mama akaniita.

"Wewe, nimekufunza nini? Chombo cha mtu hakirudi kitupu."

Basi nikalipeleka bombani. Nikafungua koki, ikakohoa, ikatema chaki, ikaanza kutoa. Nililijaza mpaka shingoni, nikalifunga kifuniko, nikalifuta kwa kanga yangu, nikalipeleka garini. Dereva alilinyanyua, akayumba. Akasema mbona ni zito kuliko alivyolileta.

Nikamwambia ni dumu lilelile, na amfikishie dada, Mama Tunu anasema asante.